Watoto Wengine wa Ayubu

Baba Igihozo,

Maharagi iko mu sufuria. Watu wa maombi wakifika, wape chai. Wakiuliza Biblia iko wapi, sema mi bibi yako nimebeba.

Tulimuzika Igihozo juzi tu, na asubuhi hii unanisomea Ayubu, eti Mungu alimupa watoto wengine, na sisi atatupa. Mutoto si sahani, inavunjika unanunua ingine! Mama ya wale wa kwanza, nani alimuuliza?

Naenda kaburini kwake kule Kanama kusoma Zaburi ya 88. Yule mutu analia mpaka mustari wa mwisho, na Mungu hamukatizi. Hapo tu ndipo napata kupumua.

~~Sirudi.~~ Nitarudi jioni. Funga mbuzi.

Bado mi ni
Mama Igihozo