Wilbaro ya Baba

Alhamisi, 6 Februari 2025

Baba amekufa. Ini. Leo asubuhi, kitandani, bila makelele — yeye aliyekuwa na makelele kila siku ya maisha yake! Mama analia. Mimi bado.

Saa kumi na moja jioni miguu ilienda yenyewe nyuma ya nyumba, nikashika wilbaro. Ndiyo saa ya kumchukua Baba kwa Mong'ina, anayeuza pombe ya chang'aa. Tangu darasa la sita nimemsukuma kutoka huko hadi nyumbani, mlima wote, amelala ndani akipungia watu mkono kama mheshimiwa. "Polepole, dereva!" Ntimaru nzima ilinicheka.

Leo hakuna wa kuchukua. Nimeketi ndani ya wilbaro, nikalia.

Jumatatu, 10 Februari

Tulimzika juzi. Leo wazee wamegawa vitu vyake. Koti limeenda kwa baba mdogo Cephas. Nikasema mimi nataka wilbaro. Kicheko! Cephas akauliza nitabeba nini nayo, mzigo wenyewe si tumeshauzika? Nikamwambia nimesukuma huo mzigo miaka sita na yeye hakuja kunisaidia hata siku moja. Wazee wakanipa.

Mama anasema nilikosa adabu. Labda. Sijutii.

Jumatano, 19 Februari

Mwalimu Priscah wa michezo amenikuta nikisukuma wilbaro ya mawe. Huwa napakia mpaka inakuwa nzito kama Baba. Mikono yangu inajua uzito wake kamili. Aibu ilinishika, lakini hakucheka. Amenipa tufe la chuma, akasema nirushe tu.

Likapita alama ya wavulana! Mwalimu alipiga mayowe hadi mkuu wa shule akatoka ofisini.

Ijumaa, 14 Machi

Migori, mashindano ya kaunti. Mara ya kwanza nimerusha mbali kuliko wote — bendera nyekundu! Eti nimetoka kwenye duara kwa mbele. Sheria ni kutokea nyuma. Mara ya pili, vilevile! Miguu haijui kubaki. Kwenye ule mlima ukisimama, wilbaro inakurudia. Niliwahi kusimama mara moja tu nipumzike. Baba akaanguka mtaroni, akavunjika mkono.

Mwalimu akanivuta kando. Unasukuma vizuri, Boke, akasema, lakini huachilii.

Mara ya tatu nikarusha kwa woga, nusu nguvu, nikabaki. Namba mbili, nimefuzu! Mashindano ya kanda, Homa Bay, nakuja!

Ila mimi najua sijarusha bado.

Jumatano, 26 Machi

Mazoezi. Mbele tena. Nimepiga wilbaro teke, kidole kimevimba. Kumkasirikia marehemu ni upuuzi. Nampenda. Namchukia pia. Basi.

Jumamosi, 29 Machi

Homa Bay. Naandika nikiwa kwenye nyasi, mikono vumbi tupu. Anayeshinda leo anaenda nationals, mashindano ya taifa. Mara mbili nimeharibu — mbele, mbele. Imebaki moja. Msichana wa Oyugis anaongoza, mita kumi na moja na kidogo.

Mama amekuja! Kutoka Ntimaru, peke yake, na kitenge cha kanisani! Anauliza kila mtu binti yake anarusha saa ngapi. Mama mmoja hapo nyuma amemuuliza mabega haya nimeyatoa wapi. Mama akajibu kwa sauti: kwa babake! Sijawahi kumsikia akimtaja hadharani bila kuinamisha kichwa.

Wananiita.

Nimerusha! Yote. Hakuna nguvu niliyobakisha. Tufe likitoka mkononi nikasikia mdomo wangu unasema, "Umefika, Baba." Na miguu ikabaki. Ikabaki! Nimesimama pale mpaka nikasikia linaanguka, nikageuka, nikatokea nyuma. Bendera nyeupe!

Wanapima. Mwalimu Priscah ameng'ata kidole. Msichana wa Oyugis ameshika chupa ya maji, hanywi. Refa amesoma tepe, amemwita mwenzake, sasa wanapima tena. Watu wote wamesimama. Mama amesimama juu ya benchi, anawapungia mkono, huku na huku, kama mheshimiwa —