Figa la Bibi wa Kibakwe

Mama Saidi wangu,

Mimi mzima, shingo tu ndiyo inalalamika. Mdachi wangu, yule Mzungu mwokota mawe ninayembebea mizigo, amezunguka vilima vyote vya Kibakwe akitafuta jiwe la madini adimu, jeusi, zito kama chuma. Jana aliinama kuwasha kiko kwenye jiko la bibi mmoja wa Kigogo, akaliona: ni figa la tatu chini ya chungu!

Bibi akainua mwiko. "Chungu changu kikae juu ya mawili? Niletee jingine kwanza."

Mzungu akaleta mawe matano, yote yakakataliwa. La sita likapita.

Sasa figa nimelibeba kichwani, linanuka moshi. Mafiga yetu yafunike kwa kanga, Mdachi asije akayaona. Nataka kuyakuta matatu, nawe pembeni ukipuliza moto.

Baba Saidi