Kijivu cha Chumba cha Queen

Buswelu, Mwanza
12 Februari 2025

Mpendwa dada Tereza,

Shikamoo dada. Kwanza niambie, mgongo umepona au bado unainamia ndoo kwa shida? Na baridi ya huko Tunduma mnaivumiliaje? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Queen ameota meno mawili na anayajaribia kwenye mkono wangu.

Nyumba imeshapigwa plasta ndani. Ilibaki rangi, na hiyo rangi ndiyo imenishikisha kalamu, maana kwa simu ningelia au ningetukana.

Baba Queen aliniambia kwa mdomo wake, "Ndani ni kwako, chagua." Dada, tangu niolewe ndiyo mara ya kwanza naulizwa neno. Nikachagua kijivu cheupe, kile cha baridi, kama lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba likinyeshewa kisha likakauka. Chumba cha Queen kinapigwa na jua la jioni, bati linachemka. Nilitaka mwanangu akifumbua macho aone kitu kilichotulia.

Kumbe wifi Hellen amesikia. Unamjua, dada yake baba Queen, yule aliyekaa Dar miezi minne akarudi anatembea kama amemeza mwiko. Akaja, akaona kibao nilichokipaka rangi na kukiegemeza ukutani, akachekea puani. "Rebeka, na darasa lako la saba! Rangi inachaguliwa kwa kibao? Siku hizi ni simu." Baba Queen mbele ya dada yake huwa hana mdomo. Akampa yeye kazi.

Basi msomi wetu akaenda dukani Mkuyuni, akamwekea muuzaji simu mezani. "Nichanganyie kijivu kama hiki." Simu yenyewe kioo kimepasuka, mwanga ameupunguza hadi mwisho asimalize chaji. Muuzaji afanyeje? Alichanganya alichokiona. Na Hellen hakujaribu ukutani hata upana wa kiganja. Fundi Obedi naye, fundi wa "ndiyo bosi" hata ukimwambia apake vioo vya madirisha, akamaliza kuta zote nne kabla ya chakula cha mchana.

Jua lilipogeuka likapiga bati la bluu la jirani, mwanga ukaingia ndani. Dada, chumba kikawa zambarau! Hellen kasimama katikati anasema, "Ikikauka itabadilika." Ikakauka siku tatu. Labda ilikuwa inangoja ruhusa yake.

Nilimbeba Queen mgongoni, nikaenda na kibao changu dukani, nikamwambia muuzaji apunguze bluu karibu yote, ya jirani inatutosha. Nikapaka kiraka kila ukuta, nikavitazama asubuhi, mchana na jioni. Kisha nikashika brashi mwenyewe. Baba Queen alipotoka kazini alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa sakafuni. "Mama Queen, humu mtu anapumua."

Sasa sikia kichefuchefu. Jumapili mama mkwe alikuja kutoka Usagara kuona nyumba, akasifu chumba. Hellen huyo, "Nimechagua mimi, mama." Nikamtazama baba Queen, naye akatazama vidole vyake vya miguu. Mama akafurahi: "Basi mwanangu, twende ukanipakie na mimi."

Hellen yuko Usagara mpaka leo. Ukuta wa kwanza umetoka kama maji ya kuoshea dagaa. Akanipigia mara tano, eti nilichanganyaje. Mara ya sita nikapokea. Nikamwambia, "Wifi, mwambie mama nani alichagua, halafu nikuelekeze." Akakata.

Leo asubuhi kapiga mama mkwe mwenyewe. "Rebeka, Hellen ameniambia. Mbona ulininyamazia, mwanangu? Njoo unichagulie wewe."

Nakwenda Jumamosi. Nitamchagulia vizuri, maana yeye hana kosa. Ila nimeomba Hellen asiondoke. Nani atanishikia ngazi?

Msalimie sana shemeji Revocatus, na mwanenu Nathaniel mwambie shangilio lake la kufaulu tulilisikia hadi huku. Mkija, mtalala kwenye chumba hicho hicho. Mungu awafunike na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Rebeka (mama Queen)