Kucha Ulizoniachia

Mdogo wangu Kemunto,

Jana nikichuma chai, kipande cha mwisho cha jeli ya kucha uliyonipaka kilikatika, kikaangukia kapuni. Nilipekua majani kama kichaa hadi wenzangu wakaniuliza nimepoteza nini. Ningewaambia nini? Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wako mwilini mwangu, na tangu tukuzike kucha zimekuwa zikiisukuma nje, kidogo kidogo.

Unakumbuka kibandani kwako Nyanchwa, ulikowapaka watu kucha? Niliomba rangi nyekundu, ukacheka. "Nyekundu? Mama akikuona Sabato atatufukuza sote wawili!" Ukanipaka isiyo na rangi, ukaniingiza mkono kwenye taa ya bluu. Mara kucha zikachoma.

"Tulia, mwoga wewe! Ni wachokozi wangu hao."

Ndivyo ulivyoziita zile chembe za ndani ya jeli. Mwanga ukizipiga huvunjika, na kila kipande hakitulii mpaka kimshike jirani. Jirani naye anamshika mwingine, hadi wote wanafungana, na joto lile ni vurugu zao. Jeli ikishaganda hairudi kuwa uji. Juu tu ndiko kulikobaki kunanata, maana hewa huwahi kuwanyamazisha wachokozi wa huko. Ukapangusa kwa spiriti, ukaniambia, "Haya, nenda kanisani." Wiki iliyofuata homa ikakuchukua.

Kemunto, hunitoki moyoni. Taa yako iko chumbani kwangu. Juzi niliiwasha, nikaingiza mkono bila jeli mpya, nikangoja kuchomwa. Wapi! Nililia hadi jirani akagonga mlango.

Leo ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Wanawake tuliingia chumba cha pembeni kuoshana miguu, kama kanisa letu lifanyavyo, nikapangwa na Mama. Tangu mazishi hajalitaja jina lako, nami nilikuwa na hasira naye, sikufichi. Nikamvua soksi, nikauweka mguu kwenye karai.

Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyekundu, nusu ya mbele. Mama yetu huyu, anayekemea hata hereni!

"Alisema ndani ya gambuti za shambani hakuna atakayeona," akanong'ona. "Osha, mwanangu. Ila hapo usisugue."

Kucha za miguu hukua polepole. Niliosha nikipazunguka, nikaushika mguu ule mpaka maji yakapoa, na Mama hakunihimiza.

Kaa hapo kidoleni pake, mdogo wangu. Usiharakishe.

Ni mimi, dada yako mkubwa.