Mikanda Yenye Uso Wangu

Jumapili, 5 Februari

Leo nimekuwa bidhaa. Shemeji Wagih, mwenye duka, kaka wa marehemu mke wangu, kaleta katoni ya mikanda ya kamera. Kila kopo lina kibandiko cha uso wangu! Masharubu, miwani, na tarbushi ambayo sijaivaa maishani. Chini yake: "Chaguo la Ami Bashandi." Eti kuna kiwanda kipya ng'ambo kinatufungashia. Nikamwambia uso huu hata mama yangu aliutazama kwa kujikaza. Akasema vijana wanakuja dukani kwa ajili yangu, si yake.

Kweli hiyo. Tangu kamera za mkanda zirudi kwenye fasheni, Kairo nzima inapiga picha na haijui kitu. Mmoja leo kafungua mgongo wa kamera anionyeshe mkanda ulivyokaa — picha zote zikaungua kwa mwanga. Nikampa hongera, kapiga jua.

Nimejitazama kwenye kopo mara nne. Mzee mzuri.

Jumatatu, 6 Februari

Inas, mwalimu wa chekechea mtaa wa Shubra. Kamera ya marehemu baba yake, kaishika kama kifaranga. Anataka "filamu nzuri". Nikamwuliza ninachomwuliza kila mtu: utapiga nini, na saa ngapi? Namba ndogo kwenye mkanda inataka jua, namba kubwa inavumilia kivuli. Mengine ni porojo za kuuzia.

Akasema: mama yake, Jumatano baada ya adhuhuri, dirishani. Alhamisi alfajiri anaingia hospitali, wanamtoa uvimbe pamoja na nusu ya taya. Uso alio nao hautarudi tena. Na mama hataki picha ya simu; kwake picha ni ile inayotundikwa ukutani.

Namba mia nne, nikamwambia. Mkono wake ukaenda kwenye pakiti ya kiwanda kikongwe. Nikaurudisha. Mimi! Nikasema achukue yenye uso wangu, hao wa Ulaya hawalijui jua letu. Akacheka, akachukua miwili. Nikamfundisha kuupachika mkanda, mara tatu, mpaka akaweza peke yake.

Jumanne, 7 Februari

Mteja wa juzi kaleta mkanda wake wenye uso wangu, umekwisha. Nimeusafisha. Ukungu! Mwanzo hadi mwisho, kama supu ya dengu. Nikadhani dawa zangu zimeoza. Nikaushika ukingo wake kwenye taa. Kiwanda huandika jina na namba ya shehena pembeni, nayo hujitokeza mkanda ukishasafishwa.

Nikasoma.

Ni ile shehena iliyookwa na jua majira matatu ya joto juu ya paa la ghala. Niliijaribu mwenyewe, miaka kumi na minane iliyopita, nikaandika juu ya maboksi kwa mwandiko wangu mbaya: TUPA. Wagih akaapa kaitupa. Kumbe kabandua vibandiko vya zamani, kanibandika mimi.

Nilimkuta anakula mkate na maharage. Hakuacha kutafuna. Akasema vijana wanaupenda ukungu, wanauita sanaa. Nikamweleza habari za Inas na mama yake. Hapo akafuta mdomo.

"Bashandi, mwaka mzima nimejaribu kuiuza bila uso wako, hakuna aliyeigusa. Wewe umemaliza nusu katoni kwa siku mbili."

Alisema kama anayenisifu.

Jumatano, 8 Februari, asubuhi

Namba ya Inas anayo Wagih kwenye simu yake. Nimemwomba. Eti simu imezima. Ile simu ina chaji kunishinda mimi! Kisha akaniambia nisiende kujiaibisha, duka ni moja, familia ni moja. Familia! Miaka thelathini na nane pamoja. Dada yake alipokufa tulimzika pamoja, na yeye ndiye aliyelia zaidi. Sasa najiuliza hata yale machozi aliyatoa boksi gani.

Nimechukua mikanda miwili mipya kwenye friji, ya kiwanda kikongwe. Inas alinitajia chekechea yake. Naenda kuulizia.

Alasiri

Naandika sebuleni kwao. Chekechea wamenielekeza huku; nimezunguka Shubra hadi magoti yananitukana, nikafika wamemaliza. Mama yake, Bi Samiha, kapaka wanja, kavaa gauni la sherehe. Inas kanikabidhi mikanda yote miwili kwa mikono miwili. "Usafishe wewe mwenyewe, Ami."

Nikasema tupige tena, mkanda mmoja zaidi, wa bahati. Wa bahati! Ulimi wangu ni mwoga kuliko paka wa bucha.

Inas kaingia chumbani kumbembeleza. Kupitia pazia namsikia mama: taya linamchoma, ametabasamu siku nzima, ametoa tabasamu zote alizokuwa amejiwekea. Huyo mzee hashibi?

Inas katoka. "Mama atakaa tena dirishani. Ila anataka uingie umwambie mwenyewe kwa nini."

Jua limebaki upana wa kiganja kwenye ukuta wa jirani. Wagih anapiga simu mara ya tatu. Nimeiacha ilie.

Ninao uongo. Kamera ilikuwa na hitilafu, mama, kitu kidogo tu. Utanitosha: atakaa, picha itatoka, na mimi nitabaki Ami Bashandi. Uko mdomoni tayari, umenyolewa na kutiwa manukato. Tena kwa sauti ya Wagih.

Au nimwambie kwamba bintiye alishika mkanda mzuri, na aliyemnyang'anya ni mimi.

Bi Samiha anaita kutoka ndani. "Aingie upesi. Na ile tabasamu ya dukani aivue hukohuko, kama viatu."

Nainuka. Inas kashika pazia —