Miguu ya Baba Siku ya Alhamisi Kuu

Karurumo, Jumamosi Kuu

Kaka Njeru,

Mahindi yameota vizuri, na kreti ya soda uliyomtumia Baba ilifika. Tafadhali usitume nyingine! Daktari alisema sukari yake imepanda, ndiyo maana fangasi ya kucha za miguu haiishi, na gambuti zenye unyevu anazoshinda nazo shambani zinaizidisha. Nikificha soda, ananiita mchoyo.

Juzi alikuwa kati ya wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu na padri. Unajua alivyoingojea heshima hiyo. Padri alipiga magoti mbele yake, lakini Baba alikataa kuvua viatu. Kanisa zima lilitazama.

Leo asubuhi aliniomba ile aliyoiita “soda ya Njeru.”

Mchoyo wenu,
Rwamba