Mama Haumwi Mgongo

Baba,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto. Nguo zianue, mvua inanukia. Tunakwenda kwenye mionzi.

Asubuhi shangazi kaja na dawa ya kuchua, kamlaza mama kifudifudi, kaanza kumkanda kiuno. “Tulia wifi, mgongo ni kukandwa tu!” Mama kauma mto kwa maumivu, asimvunjie heshima. Kumbe wewe ndiye uliyemwambia dada yako ni mgongo!

Baba, jamani. Ni saratani ya njia ya haja kubwa. Daktari alimpima kwa kidole, akakata kinyama kikapimwa, na majibu tuliyasikia pamoja. Miezi yote ile alijipaka dawa ya bawasiri kwa kuona haya kuvua nguo mbele ya daktari. Aibu imeshatuchelewesha, nawe bado unaipalilia!

Daktari kasema mionzi pamoja na dawa za dripu vinaweza kumponya bila kisu, mradi asikose siku. Leo nusura tukose, shangazi anakanda tu.

~~Nyamaza, shangazi nitamwambia mimi.~~ Hapana. Mpigie wewe, leo hii. Utaje ugonjwa na mahali ulipo.

Tukirudi mama atakaa kwenye maji ya uvuguvugu kutuliza maumivu. Beseni lisafishe.

Akivaa viatu kaniuliza, “Baba yako anaonea haya ugonjwa, au mimi?” Mjibu wewe.

Kifungua mimba wako